"Breki zilifeli" sio jibu, waulize zilifelije

Mkuu pole sana kwa hilo la bro kuumia kwenye ajali ya lori. Umeuliza kama kweli hana cha kudai kwa sababu wenye lori wanasema breki zilikata ghafla kwenye mteremko, ajali haina kinga, na wameshaleta karatasi asaini achukue hela kidogo yaishe. Asisaini kwanza. Mi nimeshika usukani wa trela miaka 12 na goti langu la kushoto lina vyuma mpaka leo.

Watu wanadhani upepo wa breki ukiisha lori linakosa breki. Kinyume chake, breki za maegesho zina springi na upepo ndio unazizuia, ukishuka sana zinabana zenyewe. Kwahiyo anayekwambia upepo uliisha likakimbia mbane maswali. Mara nyingi shida ni joto. Dereva anashuka na gia kubwa, au kapiga fri (gia haijaingia) abane mafuta (wapo wengi tu), mguu uko kwenye breki muda wote, drami (lile duara la chuma linalozunguka na tairi) zinachemka zinatanuka na breki shuu (kipande kinachozibana kwa ndani) inazifuata mpaka inafika mwisho wake, unakanyaga pedeli iko ngumu vizuri lakini gari halishiki. Breki kama hazijaadjastiwa au mzigo umezidi ndo unafika huko mapema.

Ilinikuta hivyohivyo. Tani 28 mgongoni, siku ya pili sijalala vizuri, nikachelewa kupangua gia juu kule kabla ya kuanza kushuka, kuja kuangalia kioo naona moshi mweupe kwenye tairi za trela, nikajaribu kurudi gia ya chini ikagoma ikabaki fri. Nikalilaza kwenye ukingo wa mlima. Na mimi niliandika "breki zilifeli", bosi ndo alinifundisha niandike hivyo.

Sasa hapo ghafla iko wapi? Hata uchovu wa dereva wenzetu wameuwekea sheria: Ulaya dereva akiendesha masaa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45, Marekani mwisho ni masaa 11 ya usukani, halafu masaa 10 ya mapumziko mfululizo. Sheria ya bosi wangu ilikuwa mzigo ufike.

Kwahiyo bro atafute wakili mapema, aandike barua wenye lori wasiguse breki wala kufuta rekodi: saa za dereva, karatasi za mizani, sevisi ya mwisho nani alifanya. Lori likishaingia gereji likafungwa breki mpya imekula kwenu, na hata rekodi za saa hazikai milele, kule Marekani kampuni inalazimika kuzitunza miezi 6 tu. Na wa kudaiwa sio dereva peke yake, kuna mwenye gari, aliyepakia, hata fundi. Ripoti ya polisi na picha za eneo sisemi sana mnajua.

Hospitali ndo watu wanapoteza. Kila maumivu ayaseme yaandikwe, hata ganzi ya vidole, risiti zote atunze. Mimi nilisaini "malipo ya mwisho" wiki ya 3 nikiwa na magongo, mwezi wa 8 tangu ajali goti likafunguliwa upya, bili yote juu yangu, nikirudi kwao naonyeshwa sahihi yangu mwenyewe.

Hiyo karatasi waliyoleta mpige picha kurasa zote kabla hamjawarudishia.