Maswali na majibu: Nafasi imejificha wapi kwenye boti ya ski?

Msimu wa maziwa ukifunguka kule Marekani na Kanada, barua zinazonijia huwa na kilio kimoja: boti ndogo, vitu vingi. Wengi wenu mna boti za ski za zamani, za futi 19 au 20, injini ipo katikati ndani ya kasha lake na nguzo ya kufungia kamba imesimama mbele yake. Boti hizi ziliundwa zimvute mtu anayeteleza kwa ski, yaani mbao za miguuni, kwenye maji tulivu na kuacha wimbi dogo nyuma. Aliyezichora hakuwa na habari ya masufuria ya pilau.

Fundi, shikamoo. Nimenunua boti ya ski iliyotumika, ya pua iliyofungwa. Tukiwa watano mabegi yote yanakanyagwa. Naweza kupata nafasi bila kukata chochote? (Rochester, Minnesota)

Marahaba. Anzia omoni, yaani ndani ya pua. Piga magoti mbele ya kiti cha abiria, toa ule ubao wa kuegemeza miguu, umulike kwa tochi. Kuna pango pana chini ya sitaha, na mara nyingi mwenye boti wa kwanza alisahau humo kandambili na kamba iliyooza. Safisha, tandika mpira wenye matundu ili maji yapite chini yake, kisha funga wavu mlangoni ili vitu visiserereke hadi miguuni mwa dereva au kubana kebo ya usukani.

Humo weka vitu vyepesi tu: taulo, nguo, kamba za akiba. Nanga na betri ya pili visikaribie. Pua ya boti ya ski iko chini sana. Mtelezaji akianguka unapunguza mwendo ghafla ili umrudie, na lile wimbi ulilokuwa unalikimbia linakufikia kwa nyuma, linainua tezi, yaani nyuma ya boti, na kuizamisha pua. Kilo 40 ulizozificha mbele ndizo zitakazoamua kama maji yanaingia au yanapita.

Nawe uko jirani na ziwa la Lake Pepin, ambako Ralph Samuelson aliteleza kwa mbao mbili mwaka 1922 na mchezo huu ukaanzia hapo. Usitutie aibu mbele ya wenyeji.

Kiti cha nyuma kimeoza plaiwudi yake. Nikiunda upya, naweza kukifanya sanduku la kuhifadhia? (Dallas, Texas)

Hii ndiyo nafasi bora kuliko zote kwenye boti nzima, kwa sababu kazi ya kiti ungeifanya hata hivyo. Ila kabla ya kushika msumeno, toa kiti chote na uangalie kilichopo nyuma yake. Kwenye boti nyingi za aina yako ni tangi la petroli, bomba la kujazia na mipira yake.

Jenga ukuta kati ya tangi na sanduku lako, na ukuta huo uwe wa kufungulika kwa bolti, siku ya kukagua mipira usilazimike kuuvunja. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kutulia ngamani, pale chini kabisa ndani ya boti. Kwa hiyo upande wa tangi usiweke betri, swichi, wala ile pampu ndogo ya kujazia maboya ya watoto. Fuata kwa mkono mpira mnene wa bloa, ile feni inayofyonza mvuke kutoka kwenye ngama ya injini, na uhakikishe mdomo wake haukuzibwa na sanduku lako wala na begi la mtu. Iwashe dakika 4 nzima kabla ya kupiga stata. Hata ukiwa na haraka.

Sasa mbao. Tumia plaiwudi ya baharini ya milimita 12. Kata vipande vyote, vijaribu mahali pake, kisha ndipo uvipake epoksi (gundi ngumu isiyopitisha maji) mikono mitatu, nyuso na kingo. Kingo ndizo hunywa maji, na ndizo watu huzisahau. Kila tundu la skrubu litoboe kubwa kuliko linavyotakiwa, lijaze epoksi, ikikauka toboa tena la saizi yake katikati. Ni kazi ya kuchosha, lakini kiti kilichooza kilikosa hiyo tu.

Inua sanduku sentimita 2 kutoka sakafuni kwa vipande vya plastiki ngumu ili maji yapite chini, na kwenye kona ya chini kabisa toboa tundu la kutolea maji. Pima urefu wa skrubu kabla hujaifunga kuelekea sakafuni au nyuma: fiba ni nyembamba, na ng'ambo yake kunaweza kuwa na tangi. Bawaba na makomeo yawe ya chuma kisichoshika kutu.

Kaka fundi, tumefungua sakafu tukakuta povu limelowa, jeusi. Nikilitoa lote napata uvungu wa kulaza ski zetu nne. Mume wangu anasema povu hilo lilikuwa la kupunguza kelele tu. (Ontario, Kanada)

Dada, mwambie shemeji kelele ni kazi ndogo sana ya povu hilo. Ndilo linaloiacha boti juu ya maji ikijaa. Lita 100 za povu kavu lina uzito wa kilo 3 hivi, na likizama hubeba karibu kilo 97. Ukiondoa lita 300 ili ulaze ski, umeondoa msaada wa takriban kilo 290 siku utakapoihitaji boti uishikilie ukiwa majini na watoto.

Kwenye boti nyingine povu hilo pia husaidia kushikilia mihimili ya sakafu isicheze. Hivyo lililolowa litoe, ndiyo, maana limekuwa sifongo na unaburuta maji kilo kwa kilo bila kujua. Kata kipande cha ukubwa wa ngumi, ukikamue. Maji yakichuruzika, hakuna cha kuokoa. Kisha igonge mihimili kwa mpini wa nyundo. Kama ni mbao na inatoa mlio mfu, itengeneze hiyo kwanza, habari ya ski baadaye.

Ukirudisha, weka povu jipya la aina isiyonywa maji, na acha mfereji katikati maji yashuke hadi ngamani. Msitumie yale maboksi meupe ya kufungashia televisheni: petroli ikiyagusa yanayeyuka.

Ski zenyewe hazihitaji uvungu. Zina urefu wa sentimita 170 hivi, na ubavu wa boti chini ya ukingo una nafasi hiyo. Funga mikanda miwili ya mpira kila upande, mbili kushoto na mbili kulia. Upande wa usukani kebo hupita humo kwenda nyuma, basi mikanda ikae juu yake isiibane.

Nifunge mnara wa kubebea mbao za kutelezea juu? (Orlando, Florida)

Unaweza, kwa masharti. Miguu ya mnara isishikwe na skrubu kwenye fiba tupu. Weka bamba la alumini kwa ndani na bolti zipenye hadi huko. Juu paning'inie mbao pekee. Mabegi na spika kubwa zikipanda mnarani, boti inakwenda mrama kila kona. Na kama unatumia mifuko ya maji kama farumi, yaani uzito wa ziada, ya kukuza wimbi, kumbuka lita 180 ni kilo 180, sawa na watu wawili wanene. Kwenye hesabu ya uzito wahesabu hivyo.

Majaketi okozi yanakula nafasi nyingi. Nikiyafungia kwenye sanduku jipya nitakamatwa? (Rochester, tena)

Sheria ya Marekani inataka yafikike kwa urahisi, kwa hiyo sanduku lenye kufuli, au jaketi ambalo bado liko ndani ya nailoni yake ya dukani, ni kosa. Sanduku la kufunua kifuniko tu halina tatizo, mradi lisilundikiwe vitu juu. Boti ya futi 16 na zaidi inatakiwa pia iwe na boya la kurusha, na hilo liwe karibu na mkono kabisa.

Shikamoo fundi. Mzungu ameniachia boti ya ski hapa krikini. Nataka nitoe kasha la injini niweke dogo, nipate mahali pa boksi la barafu, niwapeleke wageni nje ya mwamba kutazama pomboo. (Mtwapa)

Marahaba mwanangu. Kasha usiliguse. Ule uwazi unaouona ndani yake ni wa hewa ya injini, na kuna mikanda inayozunguka na bomba la moshi la moto. Chochote utakachokisogeza karibu kitaungua au kitanaswa.

Boksi la barafu la lita 60 likijaa ni kama abiria mmoja. Likae nyuma tu ya kasha, katikati, limefungwa kwa mikanda miwili, na upunguze mgeni mmoja.

Habari ya nje ya mwamba, hapana. Ubavu wa boti hii ni mfupi, na kusi likikaza utachota maji kwa kila wimbi la pili. Fanya biashara ndani ya kriki: kuteleza, kuvuta maboya, machweo. Na kwa kuwa unabeba watu kwa malipo, wakaguzi wa Kenya Maritime Authority waione ukishamaliza marekebisho, kabla hujapokea shilingi ya mtu. Kila jioni suuza kwa maji yasiyo ya chumvi, hadi ndani ya masanduku.

Sanduku nililotengeneza mwaka jana linanuka ukungu. Kwa nini? (Duluth, Minnesota)

Maji hayana pa kutokea. Toboa tundu chini na jingine juu kwa hewa, na boti ikilala nyumbani acha vifuniko wazi. Kwako ni zaidi ya harufu: Minnesota inakutaka umwage maji yote na utoe vizibo kabla ya kuondoka ziwani, na vizibo vibaki nje boti ikiwa barabarani. Sanduku lisilomwaga linabeba maji ya ziwa moja kwenda jingine, na kome wadogo wa kigeni husafiri humo humo.