Ilimba ya Babu Haijakosea Noti

SWALI: Shikamoo Mzee. Babu mzaa mama, Mgogo wa Chamwino, aliniachia ilimba yake, kile kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nimeipeleka kwenye kwaya yetu, lakini mpiga kinanda ameipima kwa programu ya simu, anasema vyuma viwili viko chini ya noti, kimoja kidogo, kingine sana. Tena inatoa mlio wa "zzz" unaomkera. Anataka tuvipige tupa vyuma hivyo na kuziba kwa gundi tundu lililo kwenye kisanduku. Nikubali?
*Mjukuu, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba, mjukuu. Tupa hiyo iweke mbali, na gundi mrudishie mwenyewe.

Nianze na mlio, maana huo ndio ulionichoma roho. Lile tundu limewekwa kwa makusudi, na angalia vizuri: juu yake kuna kipande chembamba cheupe, au mabaki yake. Ni utando ambao buibui hufunikia mayai yake, ule unaoganda bapa kwenye kuta za nyumba za zamani. Fundi huubandua taratibu kwa ncha ya kisu, huubandika juu ya tundu kwa nta ya nyuki, na kila chuma kikilia utando nao hutetemeka. Hiyo "zzz" ndiyo inayoipa ilimba sauti ya kusikika uwanjani, katikati ya zeze, filimbi na njuga za miguuni. Ukiliziba tundu utabaki na kisanduku kinachonong'ona. Kama utando umechanika, tafuta mwingine nyuma ya kabati. Wako waliozoea kutumia nailoni laini, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, naona buibui amerudishiwa kazi yake.

Sasa hivyo vyuma viwili. Mwambie mpiga kinanda achukue gitaa. Aguse uzi kwa wepesi, asiukandamize, kwenye moja ya tano ya urefu wake, aupige na kuachia. Kisha afanye hivyo kwenye moja ya saba. Aipime kwa simu yake hiyo hiyo. Itamwambia kwamba gitaa nalo liko chini: mara ya kwanza kidogo, mara ya pili karibu theluthi nzima ya nusu-toni, ile hatua ndogo kabisa ya kinanda. Hizo ni sauti zinazozaliwa na uzi wenyewe ukigawanyika, na Wagogo wamejenga uimbaji wao, na vyuma vya ilimba, juu ya sauti hizo. Kinanda ndicho kilichosogezwa. Oktavu yake, yaani toka do hadi do inayofuata, imekatwa vipande 12 vilivyo sawa ili mtu aweze kuhama ufunguo, yaani kuupandisha au kuushusha wimbo mzima, bila taabu. Ni mpango mzuri kwa kazi yake, ila babu yako hakuwa na shida hiyo.

Kama una shaka, sikiliza rekodi za marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuipeleka ilimba ya Ugogo nchi nyingi. Fuatilia sauti yake inavyokaa juu ya vyuma. Hakuna anayemsubiri mwenzake arekebishe.

Kanisani fanyeni hivi. Baadhi ya vinanda vya kisasa vina sehemu ya kushusha noti moja moja. Wanaopiga nyimbo za Kiarabu huitumia sana. Ashushe hizo mbili mpaka zikutane na ilimba. Kama chake hakina, ashike noti moja ya chini na atulie nayo. Chuma kikilegea kweli, hakihitaji tupa: kisukume ndani kidogo sauti ipande, kivute nje ishuke.

SWALI: Mzee, nafundisha shule ya msingi mkoani Dodoma. Nilitaka wasichana wapige muheme siku ya wazazi. Mwalimu mkuu amekataa, anasema ni ngoma ya ukeketaji. Nimjibuje?
*Mwalimu wa Sanaa*

JIBU: Hofu yake ina asili, usimcheke. Muheme ni ngoma ya wanawake na ilipigwa kwenye jando la wasichana, ambako kisu nacho kilikuwapo. Lakini kumkeketa msichana chini ya miaka 18 ni kosa kisheria tangu mwaka 1998, na sheria haikutaja ngoma. Leo akina mama wa Ugogo wanaipiga majukwaani mchana kweupe, ngoma za kiuno chembamba zimebanwa mapajani, na wazee wa kanisa wanapiga makofi.

Usibishane naye ofisini. Waalike bibi wawili watatu wanaoijua, wapige mbele yake na mbele ya kamati ya shule. Nyimbo za ndani watazichuja wenyewe. Wanajua zipi ni za watoto na zipi si zake hata yeye mwalimu mkuu. Wasichana wajifunze mapigo kwao, si kwako. Na uwaandalie hao bibi chai na nauli, maana shule zetu zina tabia ya kusahau.