Nyumba za mawe za Lamu: maswali yenu kuhusu chokaa, boriti na makuti

Mwaka juzi nilipiga lipu ya saruji ukuta wa chini. Sasa inavimba na kubanduka. Fundi alikosea vipimo?

Huenda vipimo vilikuwa sawa. Tatizo ni saruji yenyewe. Ukuta huo ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita, na hunyonya unyevu kutoka ardhini. Chokaa huuacha unyevu utoke, saruji huufungia ndani. Chumvi hugeuka fuwele nyuma ya lipu na kuisukuma nje. Gonga kwa kifundo cha kidole: panapolia kama mtungi mtupu pameshaachana na jiwe. Bandua yote, piga brashi, uache ukuta ukauke miezi kadhaa. Kisha piga chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka jembamba jembamba, kila moja lisizidi sentimita 1, na ulinyunyizie maji siku chache lisikauke upesi likapasuka. Mchanga wa ufuoni usiuguse, utakuwa unarudisha chumvi kwa mkono wako mwenyewe.

Vyumba ni vyembamba mno. Naweza kuvunja ukuta wa kati nipate sebule?

Usithubutu. Upana wa chumba, mita 2.5 hadi 3 hivi, umeamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko. Ukuta huo wenye zidaka (vishubaka vya ukutani) umebeba dari la mawe na chokaa, na uzito wake si mchezo.

Boriti moja imeoza kichwani. Nibomoe dari?

Hapana. Kichwa kilichozama ukutani ndicho huoza kwanza, kwa kuwa hakipati hewa. Simamisha nguzo za muda, kisha laza boriti mpya iliyokauka, kipenyo cha sentimita 11.5 hadi 13.5, ubavuni mwa ile ya zamani. Kichwa kishindiliwe kwa vijiwe na chokaa.

Makuti mapya yanavuja baada ya miaka 3 tu. Kwa nini?

Pima mwinamo: chini ya digrii 40 maji hutuama na makuti huoza. Halafu tazama nafasi. Makuti ya viungo, yaani yaliyoshonwa kwenye kijiti, hufungwa kila sentimita 10 hivi. Fundi anayebana gharama huachia 20, na kwa mbali huoni tofauti. Ingia chini ya paa saa sita mchana: ukiona nukta za mwanga, umepunjwa. Wengine hutandika nailoni chini yake. Makuti hayo hayakauki tena.

Basi niweke mabati?

Mji wa kale umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Ulizia kibali kabla ya kununua hata bati moja.