Kabla hujaamini ramani ya mvua ya kilomita tano

Wanaoniuliza kuhusu modeli za mvua karibu wote huanza na swali lilelile: nitumie data ipi? Nami huwauliza: mvua ya huko kwenu hunyeshaje? Wengine hukereka, wakidhani nawakwepa. Sikwepi. Kazi yangu ni kukadiria mvua kwa ajili ya wajenzi wa mifereji na makalvati, na sijaona modeli inayofaa kila mahali.

Chukua Kilimanjaro. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga mteremko wa kusini, hupanda na kupoa. Moshi mjini hupata takribani milimita 900 kwa mwaka. Panda hadi msituni, kwenye mita 2,200 hivi, kiasi hicho kinakaribia mara tatu. Ukizunguka upande wa kaskazini, kuelekea Amboseli, ni nyika. Sasa ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia iliyojengwa upya kwa modeli, ambayo kila mtu huipakua kwa kuwa ni ya bure na ina takwimu za kila saa, huigawa dunia katika visanduku vya upana wa kilomita 31 hivi, kila kimoja na tarakimu moja tu ya mvua. Kimoja tu kinameza mji, migomba na msitu. Ukikikatakata kwa programu kuwa visanduku vya kilomita moja, utapata ramani ya kupendeza, lakini habari ni ileile.

Utasema, basi nichukue CHIRPS, makadirio ya mvua ya setilaiti yaliyochanganywa na vipimo vya vituo, yenye visanduku vya kilomita tano na ushee, kuanzia mwaka 1981. Ni nzuri, naitumia sana. Ila ujue setilaiti zake husoma jinsi vilele vya mawingu vilivyo baridi, kisha hukisia mvua kutokana na hapo. Wingu la radi lina kilele cha baridi kali. Wingu fupi linalong'ang'ania mlima na kumwaga manyunyu mchana kutwa, kama yale ya Usambara, halina. Kwenye milima ongeza mwenyewe mwinuko na uelekeo wa mteremko katika hesabu zako. Tena, usiipime CHIRPS kwa kituo ambacho vipimo vyake tayari vimechanganywa ndani yake. Huko ni kumtahini mwanafunzi uliyempa majibu.

Ziwa Victoria lina mambo mengine kabisa. Mchana upepo hutoka ziwani na radi hupiga nchi kavu. Usiku upepo hugeuka, na dhoruba huumuka juu ya maji, hatari kubwa kwa wavuvi. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, na Musoma, ng'ambo ya pili, haifikishi nusu. Hapa saa ya mvua ina uzito kama kiasi chake. Modeli zenye visanduku vikubwa huwahisha mvua ya nchi kavu, zikainyesha karibu na adhuhuri, tena rasharasha za kila siku. Zile zinazoliacha wingu la radi lijijenge lenyewe, kama CP4-Africa ya Waingereza yenye kilomita 4.5, hukaribia zaidi saa halisi na ukali halisi.

Na kuhusu saa: vituo vyetu husoma kipimamvua saa tatu asubuhi. Siku ya setilaiti huanza saa sita usiku ya kimataifa, yaani saa tisa usiku kwetu. Mvua ya alfajiri ya Bukoba itaangukia tarehe mbili tofauti, nawe utailaumu setilaiti bure. Chukua IMERG, makadirio ya setilaiti ya NASA ya kila nusu saa, ujumlishe mwenyewe kuanzia saa tatu hadi saa tatu.

Usidhani nchi za baridi zimesalimika. Mvua ya majira ya baridi ya Uingereza hutanda mikoa mizima, kwa hiyo vituo vichache vinatosha. Lakini tarehe 16 Agosti 2004, siku kijiji cha Boscastle huko huko Uingereza kilipofurika, kituo cha Otterham kilipima milimita 200 huku baadhi ya vituo vya jirani vikiwa havijafikisha hata 3. Nchi ni ileile, msimu mwingine, modeli nyingine.

Ukifika kupima modeli, usidai ilenge kisanduku chenyewe. Dhoruba iliyokosea kwa kilomita kumi itaadhibiwa mara mbili, pale ilipotabiriwa bila kunyesha na pale iliponyesha bila kutabiriwa, na modeli isiyotabiri chochote itaonekana bora kuliko hiyo. Linganisha eneo kwa eneo, ukilipanua kidogo kidogo.

Haya yote yafanye baada ya kukagua daftari za vituo. Mimi huanza na Jumatatu. Kama mvua ya Jumatatu inazidi ya siku nyingine mwaka baada ya mwaka, basi msomaji hakwenda kituoni wikendi, na sufuri za Jumamosi na Jumapili ni za kalamu. Mawingu hayana kalenda. Zifute sufuri hizo, na tarakimu ya Jumatatu uihesabu kuwa jumla ya siku tatu.