Nimepigwa kalamu kwa imeli, nifanye nini?

SWALI: Habari anti. Nimeandikia kampuni moja programu kwa miaka 3 na miezi kadhaa nikiwa hapa Nakuru, wenyewe wako Marekani lakini wana ofisi Nairobi. Jumatatu nikafungua laptopu paswadi ikakataa, kuangalia simu naona imeli eti nafasi yangu imeondolewa kwa sababu za kibiashara, watanilipa mwezi mmoja, na nisaini fomu fulani kabla ya Ijumaa. Sijawahi kupewa hata barua ya onyo. Mama Imani ananiuliza nilikosea wapi na sina jibu. Na hii kazi ya kompyuta ndiyo imeisha ama? Baba Imani, Section 58.

JIBU: Pole sana Baba Imani. Hiyo fomu usiisaini bado! Isome pole pole, manake nyingi huwa zinasema umelipwa kila kitu na hudai tena, na ukishaweka sahihi kazi ya kukutetea inakuwa ngumu.

Mama Imani mwambie hukukosea. Wakati wa korona kila mtu alikuwa kwa simu na pesa za mkopo zilikuwa rahisi, hizi kampuni zikaandika watu kama wazimu, Meta, wenye Facebook, peke yake ilitoka kwa wafanyakazi kama 45,000 mwisho wa 2019 ikafika zaidi ya 87,000 Septemba 2022. Halafu benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba Machi 2022, kutoka karibu 0 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka uliofuata, wawekezaji wakaanza kuuliza faida iko wapi. Novemba 2022 Meta ikafuta 11,000, na Januari 2023 Google ikatangaza 12,000, wengine waliamka tu wakajikuta wamefungiwa nje ya akaunti kama wewe, na walikuwa watu hodari. Siku hizi pia wanakata mishahara wapate pesa ya kununua mitambo ya akili unde (AI). Huko kwa hesabu zao wewe ni laini moja tu, na hilo linaniuma.

Sasa haki yako. Kama kontrakti yako ni ya mwajiriwa hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 40 inasema kazi ikiondolewa hivi, wewe na afisa wa leba mnafaa kuarifiwa angalau mwezi mmoja mapema, na wakichagua nani aende waangalie ukongwe kazini, ujuzi na uaminifu, sio kubahatisha. Kisha ulipwe siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza, kwako hiyo ni siku 45, juu ya notisi ya mwezi mmoja na siku za likizo ambazo hukuchukua. Kwa hivyo huo mwezi mmoja wanaokupa hautoshi, hata karibu. Na wakupe barua ya utumishi, hiyo ni lazima.

Lakini angalia kontrakti vizuri, kuna kampuni zinaandika watu kama wakandarasi huru ndio zikwepe haya yote. Hata hivyo korti huangalia mambo yalivyokuwa, sio jina tu: nani alikupangia masaa, laptopu ilikuwa ya nani, ulikatwa NSSF ama la. Beba pesilipu, kontrakti na hiyo imeli (iprinti leo kabla haijapotea) uende kwa afisa wa leba hapo mjini. Malalamiko kwake ni ndani ya miezi 3, kortini ni miaka 3, na korti ya mambo ya kazi iko hapa hapa Nakuru, huhitaji kupanda matatu ya Nairobi.

Kuhusu kazi kuisha, mimi sikubali. Iliyopungua ni ile ya kungojea dola. Tangu 2024 KRA haikubali gharama za biashara bila risiti ya eTIMS, ule mfumo wao wa risiti za kielektroniki, na ukitembea maduka ya jumla na agroveti za huku utapata wenye biashara wanahangaika, mfumo wa stoki uko kando, risiti kando, kila jioni mtu anaandika upya kwa mkono. Sacco na vyama vya maziwa pia wana shida kama hizo. Hao ndio wa kuandikia programu za kuunganisha hivyo vitu. Malipo hayatafika ya wazungu, hilo nakwambia ukweli, lakini wateja 5 wanaolipa kila mwezi hawawezi kukufuta wote Jumatatu moja.