Barua kwa mwanangu: boti ya futi 20 isogee nje kiasi gani

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema umekabidhiwa boti ya faiba ya futi 20 pale Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, mashine ya HP 15, tangi la lita 24 na dumu la lita 20. Mtakuwa watatu, mnataka kufuata nguru na jodari nje ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo, na swali lako ni moja: "Baba, niende kilomita ngapi nisivuke?"

Kwa boti hiyo, siku ambayo bahari imetulia, kilomita 12 kutoka ufukweni. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa imekaza, usitoke nje ya visiwa. Lakini namba hiyo usiichukue tupu. Siku utakayopakia barafu zaidi au kubadili mashine, itabadilika nawe utabaki na kilomita za boti nyingine. Baharini tunahesabu saa za kurudi, tena kurudi kwa mchana wenye upepo, boti ikiwa na mzigo.

Tuanze na mafuta. Mashine ya HP 15 ya zamani, ya kuchanganya petroli na oili, ikifunguliwa mpaka mwisho hula kama lita 6 na nusu kwa saa. Kati ya lita zako 44 hesabu 42, kwa sababu za chini hazifai: huko ndiko uchafu na maji yanakokaa. Asubuhi, bahari ikiwa imelala, boti yenye mzigo itakupa kama kilomita 12 kwa saa. Mchana upepo ukipanda, mwendo huohuo wa mashine unaweza kukupa 7 tu, kwa sababu kila wimbi linaipunguzia boti kasi.

Sasa tazama. Umekwenda kilomita 24, saa mbili, lita 13. Umezungukazunguka kutafuta samaki, lita 6. Mkondo umekusukuma, njia ya kurudi imekuwa kilomita 25, kwa mwendo wa 7 ni saa tatu na nusu na zaidi, lita 23. Jumlisha: 42. Umefika ufukweni na tangi kavu, na hapo hakuna kilichoharibika hata kimoja. Kwa kilomita 12 hesabu ni nyingine: lita 6.5 za kwenda, 6 za kuzunguka, 13 za kurudi kwa saa mbili pamoja na mkondo, unabakiwa na 16 na ushee, zaidi ya theluthi. Hiyo theluthi usiiguse. Ndiyo ya kumvuta mwenzio aliyezimikiwa, au ya kuzunguka mvua iliyokatisha njia.

Utaniuliza, mkondo unaingiaje? Pwani yetu mkondo mkuu wa bahari unakwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unakaza sana, wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, unalegea, na karibu na visiwa maji kujaa na maji kupwa huuongeza au kuupunguza, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Ukielea saa nne kwenye mkondo wa maili 1 ya bahari kwa saa, utakuwa umesogea kilomita 7 na zaidi kuelekea Bagamoyo bila kugusa mashine. Kwa hiyo pima kila ukifika. Zima mashine, tia alama mahali ulipo kwenye simu, ngoja dakika 10, kisha tazama umesogea kiasi gani. Mita 300 ni kama maili 1 kwa saa. Zikifika 600, siku hiyo usielee huko, rudi ndani. Ramani ya eneo ipakue ukiwa nyumbani, maana simu huonyesha mahali ulipo hata bila mtandao, ila ramani yenyewe haitafunguka kama haimo.

Na kuna jambo moja ningependa ulifanye kila safari, hata kama wenzako wataliona ni kupoteza petroli: anza kusini. Kwanza ambaa kuelekea usawa wa Msasani, nje ya Bongoyo, ndipo utoke. Ukivua huku unaelea, mkondo unakurudisha usawa wa nyumbani, na mashine ikikataa unakuwa bado hujapita Kunduchi. Umbali wa kwenda utaongezeka kidogo, lakini utaulipia asubuhi bahari ikiwa shwari, si mchana. Ukianza kaskazini ni kinyume chake. Kila saa inakuongezea safari ya kurudi.

Huko nje ya visiwa ndiko zinakopita boti za abiria za Unguja na meli zinazoingia bandarini. Boti za abiria zina kasi kubwa na boti ya faiba iliyo chini namna hiyo haionekani kirahisi. Usitie nanga njiani mwao, na giza likikukuta, taa nyeupe iwe juu, si sakafuni. Na kumbuka Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975. Humo hairuhusiwi kuvua, pita tu.

Macho nayo yana udanganyifu wake. Ukisimama botini, macho yako kama mita moja na nusu juu ya maji, upeo wako ni kilomita 4 na kidogo tu. Vitu virefu huonekana mbali zaidi. Minazi ya mita 16 huzama kabisa ukiwa kama kilomita 18. Ghorofa la mita 150 la mjini utaliona hata ukiwa kilomita 45, hewa ikiwa safi. Kwa hiyo mtu akikwambia "bado mji tunauona", hajakwambia kitu. Tazama minazi ya Kunduchi. Ikibaki vichwa vya juu tu, vimekaa kama nyasi juu ya maji, umeshavuka kipimo chako.

Saa ya kuondoka ni 11 alfajiri, umande ukiwa bado unavuma kutoka nchi kavu. Saa 5 asubuhi omo, mbele ya boti, iwe imeelekea nyumbani, samaki wawe wamekula au hawajala. Upepo wa mchana huwa hauombi ruhusa. Ukitoka alfajiri ukakuta tayari kuna povu jeupe juu ya mawimbi hapa na pale, usivuke visiwa siku hiyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Hiyo ikitoka, boti ibaki mchangani. Kwa boti yako mimi naweka kikomo cha mita 1, kwa kuwa ukingo wako uko chini na mko watatu na barafu. Miezi ya Juni mpaka Agosti vua ndani. Kipindi cha tanga mbili, kati ya kusi na kaskazi, Oktoba na Novemba, ndicho kizuri zaidi kwa safari zako za nje. Machi na Aprili pia upepo hulegea, ila masika huleta dhoruba za ghafla: ukiona wingu jeusi lina mstari mweupe chini yake na hewa imegeuka baridi, kunja mishipi saa hiyohiyo.

Mashine ndogo huzimika kwa mambo madogo. La kwanza ni tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likisahaulika limefungwa, mashine huwaka vizuri, hukimbia dakika kadhaa, kisha hufa polepole, na ukibinya mpira wa paipu ya mafuta unaukuta umenywea, haujai. Fungua tundu, binya mpaka mpira uwe mgumu, washa. Watu wameng'oa plagi na kuvuruga kabureta kwa tatizo hilo tu. La pili ni maji kwenye petroli: mashine inakohoa, inapanda na kushuka. Mimina petroli kwenye chupa inayopenyeza mwanga, iache itulie, maji yatakaa chini na mstari utauona. La tatu ni mchirizi wa maji ya kupozea. Ukikatika, zima hapohapo. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki umeziba mdomo wa kuvutia maji. Ukiendelea hata dakika chache, utaunguza mashine.

Beba plagi mbili mpya, spana yake, kamba ya kuwashia ya akiba, chujio la mafuta, kisu na koleo. Skrubu za kubana mashine tezini, nyuma ya boti, hulegea kwa mtikisiko. Kaza kila asubuhi, na mashine ifungwe kamba kwenye boti. Kama yako inataka mchanganyiko wa 50 kwa 1, ni mililita 400 za oili kwa lita 20, pima kwa chupa yenye alama, usikisie.

Nanga itoke omo, kamwe isitoke tezi. Wimbi likiingia nyuma kwenye mashine boti hujaa mara moja. Kamba iwe mara tano ya kina. Penye mita 30 ni mita 150, na kama huna kamba hiyo, hapo huna nanga. Kwa maji marefu zaidi chukua ndoo mbili imara zenye kamba. Ukizitupa omo, boti itageukia wimbi na kuelea taratibu. Maji ya kunywa lita 20 kwa watatu. Jaketi za kujiokolea zivaliwe, zisiwe mto wa kukalia. Redio ya mkono, chaneli 16, ndiyo ya kuitia msaada. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji, lakini usiitegemee, mtandao nje ya visiwa huja na kuondoka.

Kabla ya kuondoka mwachie mtu wa pwani mambo manne: mmeondoka saa ngapi, upande gani, mtarudi saa ngapi, na saa gani aanze kuita msaada bila kungoja. Hata mimi nitumie.

Jumamosi hii usitoke nje. Weka lita 10 kwenye tangi, pakia watu watatu na mzigo wa kawaida, kimbiza boti kati ya Kunduchi na Mbudya saa nzima kwa saa ya mkononi, halafu pima zilizobaki. Niandikie lita ngapi zimekwenda na umepata kilomita ngapi, twende na hesabu ya boti yako mwenyewe badala ya hii niliyokukadiria. Mama yako anakusalimu.

Baba yako