Delta Integrale: ya mwanzo au Evo?

Mkuu nimekusoma, uko Uingereza, hela ipo ya Lancia Delta Integrale moja tu (ile ya Kiitaliano inayovuta tairi zote nne) na unajiuliza uchukue ile ya valvu 8 ya 1988 au ujinyime ufike Evo 2 ya 1993, toleo la mwisho. Mi ningekwambia usikimbilie Evo kisa madigadi mapana. Ya valvu 8 ina hp 185 na Evo 2 ina 215, barabarani tofauti kubwa ni usukani na kona kuliko mbio, maana ya mwanzo inavuta zaidi na tairi za mbele, kuanzia ile ya valvu 16 ya 1989 nguvu ikahamia kidogo nyuma, asilimia 53 ikienda tairi za nyuma, na hapo ndo gari inageuka kwa raha. Mi naipenda hiyo ya kati, boneti yenye nundu, ndo Juha Kankkunen, dereva wa rally wa Finland, alishinda nayo Safari Rally Kenya 1991!

Ila mwaka sio ishu kama bodi. Pita na sumaku pembeni ya kioo cha mbele na kwenye kona za paa, rangi ikiwa na nyufa au sumaku haishiki ujue kuna puti na kutu chini. Ipandishwe kwenye lifti uone sakafu. Risiti ya taiming belti haipo? Hesabu hiyo gharama kwenye bei.

Zote zilitoka kiwandani na usukani kushoto, usidanganywe. Na usitoe hata advansi kabla fundi anayezijua Integrale hajaikagua, chasi namba wamechezea wengi.